Vipimo

Miaka arobaini na mmoja nimechukua vipimo vya watu:
mabega, kifua, kiuno, urefu wa mguu,
futi shingoni, penseli sikioni.
Bombo nzima imepita mikononi mwangu,
wanajeshi waliokwenda na wachache waliorudi,
maharusi, maimamu, mabinti wa bweni.
Sikuwahi kumtajia mtu kiuno chake kwa sauti.
Niliandika tu.

Kwa hiyo, kule Mulago,
daktari aliposema, "Vipimo vyako vimetoka,"
nilitaka aviandike tu.
Akavisoma.
Tezi dume. Imetoka kwake,
imepanda uti wa mgongo, pingili ya tatu, ya nne,
imepiga kambi kwenye nyonga.
Namba ya damu, iliyopaswa kuwa chini ya nne,
ni mia sita na kumi.
Nikauliza: inchi au sentimita?
Hakucheka. Zenabu alicheka,
kisha akalia ndani ya kicheko kile kile
bila kukata uzi.

Walianza na homoni, sindano kila miezi mitatu.
Ikazima taa moja ndani yangu ambayo sitaitaja.
Usiku nikawa nachemka, shuka chapachapa,
na Zenabu, aliyeipita njia hiyo zamani,
akanipepea kwa mfuniko wa sufuria:
"Karibu upande wetu, Fadmulla."
Mwaka na nusu. Halafu namba ikapanda
kama pindo la suruali kwa mtoto anayerefuka,
na mgongo ukakaza hata viatu
akawa ananifunga yeye.

"Sasa kemo," akasema daktari.
Kila wiki tatu, mara sita.
Nywele zitatoka. (Nywele zipi?)
Uchovu. Homa ukiiona, usingoje asubuhi.
Na vidole,
hapo nikainua uso,
vidole huenda vikafa ganzi, vya mikono na vya miguu.
"Vinarudi?"
"Kwa wengine."

Usiku ule nilikesha. Si kwa ajili ya kaburi;
nimekata sanda za majirani tisa,
ni kazi rahisi, haina kola.
Nilikesha kwa ajili ya tundu la sindano.

Dawa yenyewe haina rangi.
Nilitegemea kitu chenye sura ya ukali.
Tone, tone, saa ya ukutani imesimama,
na kiti cha pili Mzee Ochan wa Pader,
anayelala barazani na mkeka wake
kwa sababu nauli ya kurudi nyumbani
ingemmaliza kabla ya ugonjwa.
"Mbona waangalia kucha?" akaniuliza.
Nikamwambia mimi ni fundi.
Akafikiri kidogo. "Mimi nalima," akasema,
"jembe halina tundu."
Mara ya tatu kiti chake alikalia mtu mwingine.
Sikuuliza. Muuguzi naye hakusema.

Leo tunakwenda ya nne.
Alfajiri nimejipima mbele ya kioo:
kiuno kilikuwa thelathini na nane, sasa thelathini na moja.
Nimekaa kwenye cherehani kuipunguza suruali ya safari.
Uzi umeingia kwa jaribio la tano.
Niliposimama, mjukuu wangu Mastura akapiga ukelele:
"Babu, unadondosha damu!"
Nyayo nyekundu kutoka mezani hadi mlangoni,
na pini kisiginoni, imezama mpaka kichwa.
Nimeitembelea tangu lini, sijui.
"Haiumi?"
"Haiumi." Na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaichomoa, nikaifuta,
nikaichomeka kwenye kijimto chake; pini ni pini.
Tukatoka.

Tulikuwa tumeshavuka Kawempe, kimya,
Zenabu na faili langu mapajani,
ndipo aliponigeukia taratibu,
kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto:
"Ile pini," akasema.
"Umeinama mwenyewe."